Mwenye Butiloda Ndiye Mwenye Bodi

Katika vyombo vinavyoagizwa ng'ambo siku hizi kwa fedha za umma, kuanzia mita za maji na za umeme hadi ruta za shule, ving'amuzi vya televisheni na vituo vidogo vya kupimia mvua, mna ubao wa saketi ambao mafundi huuita bodi, na ndani ya bodi hiyo aghalabu mna programu moja fupi ambayo wanunuzi hawaitaji katika mikataba yao, wala wauzaji hawaitaji katika vitabu vyao vya maelezo, na ambayo hata hivyo ndiyo inayoamua nani atakitawala chombo baada ya malipo kwisha kutolewa. Programu hiyo ni butiloda ya pili, yaani programu ya pili katika zile zinazoiamsha bodi. Rai yangu ni kwamba idara ya serikali, halmashauri, shule au hospitali isikubali kupokea bodi ambayo butiloda yake ya pili haiwezi kujengwa upya na mafundi wa mnunuzi mwenyewe, kwa chanzo cha programu kilichokabidhiwa pamoja na bidhaa. Na kwamba vyuo vyetu vya ufundi vina wajibu wa kuwafundisha vijana kazi hiyo, kwa kuwa chanzo kikikabidhiwa mahali pasipo na mtu wa kukisoma kitaishia kabatini pamoja na risiti.

Msomaji asiyekuwa fundi hataweza kuipima rai hii mpaka aelezwe namna bodi inavyoamka, nami nitaieleza kwa bodi moja inayojulikana sana, BeagleBone Black, iliyobuniwa Marekani na kutolewa mwaka 2013, kwa sababu walioibuni waliweka hadharani michoro ya saketi zake, wakampa kila mtu ruhusa ya kuisoma na kuiiga. Umeme unapoingia katika bodi hiyo, chipu yake kuu, AM335x ya Texas Instruments, haina habari ya kitu chochote kilichoizunguka. Inayo maagizo machache tu yaliyochorwa ndani ya silikoni kiwandani, ambayo hayafutiki wala hayaongezeki, na ambayo hata mwenye chipu hana uwezo wa kuyabadili. Hayo ndiyo butiloda ya kwanza, na kazi yake haipindukii kutafuta mahali palipohifadhiwa programu ya kufuatia, kuipakia na kuiachia madaraka. Bodi ina memori kubwa ya megabaiti 512, lakini katika nukta hizo za mwanzo memori hiyo haitumiki, maana haijapewa vipimo vya mwendo wake, nayo haiwezi kupokea wala kurudisha herufi moja mpaka ipewe. Iliyobaki ni memori ndogo iliyomo ndani ya chipu yenyewe, na programu ya kwanza kupakiwa humo haina budi kutosha katika kilobaiti 109. Linux, yaani mfumo endeshi wa bodi, haiwezi kuingia humo. Hata butiloda kamili haiingii. Kwa hiyo waandishi wa U-Boot, ambayo ndiyo butiloda ya pili inayotumika katika bodi nyingi za namna hii duniani, waliigawa kazi mafungu mawili: fungu dogo, lililohifadhiwa katika faili liitwalo MLO, hupakiwa na chipu, likaipa memori kubwa vipimo vyake, kisha likaleta fungu kubwa, faili la u-boot.img, ambalo lina nafasi ya kutosha kusoma memori kadi, kuzungumza na mtandao kwa kebo, na hatimaye kuipakia Linux. Katika bandari zetu za zamani zisizokuwa na gati la kina kirefu, meli kubwa zilitia nanga mbali na shehena ikafika pwani kwa matishali. Faili la MLO ndilo tishali la bodi hii, nalo likizama, meli itabaki huko nje imeelea na shehena yake kamili.

Kazi ya kuijenga U-Boot si ya miujiza. Katika laptopu ya kawaida yenye Linux, fundi hupakua chanzo, huweka programu ya kugeuzia maandishi hayo kuwa lugha ya chipu za ARM, huandika make am335x_evm_defconfig ili kuchagua vipimo vya ukoo huu wa bodi, kisha huandika make, na baada ya dakika chache anayo mafaili mawili niliyoyataja, tayari kunakiliwa katika memori kadi. Ugumu, na kwa kweli utamu wa kazi yenyewe, uko katika kuilinganisha programu na bodi iliyo mbele yako. Katika BeagleBone mna kijichipu cha memori kilichoandikwa jina la bodi kwa herufi na tarakimu nane: A335BONE kwa ile ya kwanza ya mwaka 2011, iliyokuwa na memori ya DDR2 ya megabaiti 256, na A335BNLT kwa Black, yenye DDR3. Fungu dogo la U-Boot husoma jina hilo kabla ya kufanya jambo lolote kubwa, na kwa jina hilo huchagua vipimo vya memori. Ndiyo maana faili moja la MLO huziamsha bodi mbili zisizofanana. Sasa mtu akitengeneza bodi yake mwenyewe kwa kufuata michoro ile, akaweka kila chipu mahali pake na kuilehemu kwa ustadi, lakini akasahau kuyaandika maandishi hayo nane, bodi yake itaandika mstari mmoja au miwili kwenye skrini ya fundi na kunyamaza, ilhali hakuna kitu kilichoungua wala waya uliokatika. Mwenye chanzo atakifungua kifungu kinachosoma jina, ataiamuru programu itumie vipimo vya DDR3 bila kuuliza, atajenga upya, na shida itakuwa imekwisha kabla ya adhuhuri. Asiyekuwa na chanzo ataitia bodi hiyo katika sanduku na kuirudisha ilikotoka kwa gharama ya ndege, au ataitupa.

Hata kadi ikiwa tupu kabisa, na memori ya kudumu ya bodi ikiwa imefutwa, chipu hii haikati tamaa. Fundi akiunganisha nyaya tatu za kebo ya siriali ya volti 3.3 kwenye safu ya pini sita za bodi, na kuiweka terminali yake katika kasi ya 115200, ataiona ikiandika herufi C, kisha C nyingine, na nyingine tena, ikimngoja mtu yeyote aliye upande wa pili wa waya aitumie programu kwa utaratibu wa zamani uitwao Xmodem. Akilituma fungu dogo la U-Boot kwa njia hiyo, na kisha fungu kubwa, bodi ambayo mwenyewe alikuwa ameihesabu kuwa taka itampa alama ya kupokea amri. Nalisema jambo hili kwa kirefu kwa sababu bodi nyingi zinazohesabiwa kufa katika maghala yetu hazijafa, bali zimeharibikiwa na programu chache zilizo mwanzoni mwa memori yake, na tafauti ya hali hizo mbili huonekana kwa kebo ya bei ndogo mikononi mwa mtu aliyefunzwa.

U-Boot yenyewe haikuzuka katika maabara ya siri. Mhandisi wa Kijerumani Wolfgang Denk, ambaye kampuni yake ndogo ilikuwa katika mji wa Gröbenzell karibu na Munich, alianza na programu ya chipu za PowerPC iliyoitwa PPCBoot, na mwaka 2002, ilipokwisha kuunganishwa na kazi za chipu nyinginezo, ikapewa jina la U-Boot. Naye aliitunza kwa miaka kumi hivi kabla ya kuwaachia wengine uongozi, akafariki mwaka 2022. Tangu mwanzo aliitoa kwa leseni ya GPL, ambayo inamtaka kila anayeuza chombo chenye programu hiyo ampe mnunuzi chanzo kamili, pamoja na maandiko yanayoongoza namna ya kuijenga na kuiweka. Sharti hilo si la hisani. Mwaka 2004 mahakama ya Munich, katika shauri la kampuni iliyouza ruta zenye programu ya leseni hiyo bila kutimiza masharti yake, ilihukumu kwamba leseni ni mkataba wenye nguvu ya sheria. Basi mnunuzi wetu anapodai chanzo cha U-Boot haombi zawadi. Anadai kitu ambacho muuzaji alikwisha kukipokea bure kwa ahadi ya kukitoa.

Lakini chanzo kitupu hakitoshi, maana butiloda moja huweza kupangwa kwa namna mbalimbali, na mpango ndio unaobeba maisha ya chombo. Hapa nawaomba wanaoandika masharti ya zabuni wanisikilize kwa makini. U-Boot huhifadhi orodha ya maagizo yake, kama vile ingoje nukta ngapi kabla ya kuipakia Linux na iipakie kutoka wapi, katika kipande cha memori ya kudumu, na pamoja na orodha hiyo huandika hesabu ya kuthibitisha kwamba haikuharibika. Umeme ukikatika wakati orodha inaandikwa, hesabu haitalingana, na asubuhi yake butiloda itaitupa orodha yote na kurudi katika mpango wa kiwandani, ambao yumkini haujui kabisa chombo hicho kimewekwa kisima kipi na kinapaswa kupeleka habari wapi. Waliobuni U-Boot walilijua hilo, wakaweka uwezo wa kuhifadhi nakala mbili za orodha zinazoandikwa kwa zamu, ili moja ibaki salama nyingine inapoharibika; lakini uwezo huo sharti uchaguliwe wakati wa kujenga, na mtengenezaji anayeishi katika mji ambao umeme haukatiki hana sababu ya kuukumbuka. Sisi tunayo.

Kadhalika upo mpango wa kuhesabu maamsho. Kila bodi inapoanza upya, butiloda huongeza moja katika hesabu iliyoiweka mahali ambapo kuanza upya hakufuti, na Linux ikishaamka na kuona mambo yote yako sawa, huirudisha hesabu hiyo katika sifuri. Ikiwa Linux mpya iliyotumwa kwa mtandao ina kasoro na haifiki hatua hiyo, hesabu hupanda mpaka kikomo kilichowekwa, na hapo butiloda huacha kuijaribu, ikaipakia ile ya zamani iliyohifadhiwa kando. Fikiri juu ya pampu ya maji inayotumia nguvu za jua katika kijiji kilicho mwendo wa siku nzima kutoka barabara ya lami: pasipo mpango huo, sasisho moja baya litawarudisha akina mama mtoni mpaka gari la fundi lipatikane; mpango ukiwapo, hata hawatajua kwamba usiku palitokea jambo. Gharama ya mpango huo ni mistari michache ya maandishi na nafasi ya kutosha kwa nakala ya pili.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo madogo ya mafundi. Wazingatie yaliyoipata Spirit, gari la utafiti ambalo NASA iliteremsha katika sayari ya Mirihi Januari 2004. Wiki mbili na ushei baada ya kutua, mfumo wake wa kuhifadhi mafaili ulilemewa, kompyuta ikawa inaamka, inashindwa, inaanza upya, usiku na mchana, huku betri zikipungua. Wahandisi wa NASA waliokuwa Pasadena, Marekani, hawakuwa na njia ya kuigusa. Kilichowaokoa ni kwamba programu ya kuamshia ilikuwa imepangwa kupokea amri ya kuamka bila kuigusa memori iliyoharibika; waliituma amri hiyo, gari likatulia, wakasafisha mafaili, na chombo kilichokusudiwa kufanya kazi kwa siku 90 za Mirihi kikaendelea kuzungumza na dunia mpaka mwaka 2010. Uamuzi uliookoa kazi ile ulifanywa ardhini, kabla ya safari, na watu waliokuwa na haki na uwezo wa kuipanga programu ya kuamshia kwa kadiri ya mahali inapokwenda. Haki na uwezo huo ndivyo ninavyovitaka kwa mhandisi wa maji wa Dodoma au wa Kitui.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni ya usalama, nami siidharau. Wauzaji husema kwamba butiloda iliyo wazi humwezesha mwizi kuweka programu yake katika mita ya umeme na kuidanganya, kwa hiyo wameifunga: butiloda hukubali kupakia programu iliyotiwa saini tu, na alama ya ufunguo wa saini hiyo huunguzwa katika fyuzi ndogo ndani ya chipu, ambazo zikishaungua hazirudi. U-Boot nayo ina uwezo wa kuthibitisha saini tangu mwaka 2013, na kwa mita, kwa mashine za hospitali na kwa chombo chochote kinachobeba fedha au uhai, mimi ningeutaka utumike bila kusitasita. Swali langu ni moja: ufunguo wa siri uko mkononi mwa nani? Ukiwa kwa muuzaji peke yake, basi siku atakapofilisika, au atakapoamua kwamba chombo cha miaka sita ni kikuukuu na hakistahili kusahihishwa tena, mita laki moja zilizofungwa katika kuta za watu zitakuwa na kasoro isiyoweza kuondolewa na kiumbe yeyote, hata aliyezilipia. Kufuli ni halali maadamu ufunguo unatengenezwa mbele ya mnunuzi, unahifadhiwa katika kasha lake, na fyuzi zinaunguzwa kwa idhini yake. Kwa sababu fyuzi hazina toba, jambo hili haliwezi kuahirishwa mpaka bidhaa ziwasili. Baada ya kuunguzwa, majadiliano yote ni bure.

Huko Kariakoo, na katika barabara ya Luthuli jijini Nairobi, wamo vijana ambao huflashi simu mchana kutwa kwa mafaili waliyoyapokea kutoka kwa watu wasiowajua, na wengi wao wana vidole vyepesi na subira ambayo chuo hakiwezi kuitoa. Wanalolikosa ni kukiona chanzo: hulipokea faili likiwa limekwisha kujengwa, hulisukuma ndani ya chombo, na likikataa hujaribu jingine, kwa kuwa hakuna aliyewaonyesha kwamba mstari ulioandikwa kwenye skrini ya siriali una mahali pake katika maandishi wanayoweza kuyasoma. Kuanzia vyuo vya VETA hadi Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, ningependa kila darasa la elektroniki liwe na muhula ambao mwanafunzi anaijenga U-Boot, anaiharibu kwa makusudi, anaiona bodi ikiandika herufi zake za C, na anaifufua mwenyewe. Shule nyingi huanza na Raspberry Pi, ambayo tangu mwaka 2012 imewafungulia watoto wengi mlango wa elimu hii, nami naisifu kwa hilo. Lakini katika bodi hiyo kazi ya kuamsha hutegemea mafaili ambayo watengenezaji huyatoa yakiwa tayari, bila chanzo, na kwa hiyo mwanafunzi hulikuta somo ninalolisema limekwisha kufanywa nyuma ya pazia. Kwa somo hili itafutwe bodi ambayo kila hatua yake yaweza kusomwa, hata kama ni ghali kidogo.

Kwa zabuni, sharti ninalolipendekeza laweza kuandikwa katika aya moja. Mzabuni alete, pamoja na sampuli ya bodi, chanzo kamili cha butiloda ya pili na faili la mipango lililotumika kuijengea, na michoro inayoonyesha pini za siriali ziliko. Aeleze orodha ya maagizo inahifadhiwa wapi na ina nakala ngapi, na chombo kitafanya nini sasisho likishindikana. Na ikiwa kuna kufuli, fyuzi ziachwe mpaka ufunguo wa mnunuzi utengenezwe. Kisha fundi wa mnunuzi, si wa muuzaji, aketi na laptopu yake, aijenge butiloda kwa chanzo hicho, abadili neno moja katika salamu inayoandikwa mwanzoni ili pasiwe na shaka kwamba ni kazi ya mikono yake, aiweke katika bodi, na aiwashe mbele ya kamati ya mapokezi. Neno lake likionekana kwenye skrini na Linux ikaamka baada yake, auchomoe umeme katikati ya sasisho, aurudishe, na wote waangalie. Jaribio hilo lifanywe kwenye bodi iliyochaguliwa na kamati kutoka katika shehena yenyewe, siyo ile ya maonyesho, na hundi isitiwe saini kabla yake.